Kabati Katikati ya Chumba

Hapo zamani, korona, zile mashine za kuchakata mkonge, zilipokuwa bado zikinguruma bondeni tangu alfajiri mpaka magharibi, palikuwa na mtu katika mji wa Kwasemboja akiitwa Singano. Kazi yake ilikuwa kupima matita ya mkonge kwenye mizani ya shamba. Alikuwa na wake wawili. Mkubwa aliitwa Mwantumu, mdogo aliitwa Mboni. Mkubwa alimpangia chumba mtaa wa juu, mdogo alimpangia chumba mtaa wa chini, naye akaenda na kurudi kwa zamu, siku mbili huku, siku mbili kule, miaka kumi na minne. Kwa mkubwa hakupata mtoto. Kwa mdogo hakupata mtoto.

Kisha Singano akaugua, akafa. Alifia kwa Mboni, alasiri moja ya jua kali. Mwantumu alipoletewa habari akateremka mbio bila viatu, akakuta mume wake amekwisha kufunikwa shuka, na miguu imekwisha kufungwa pamoja. Akamtazama mke mwenzake.

"Hukuniita," akasema.

Mboni akainamisha uso, asijibu. Hakujibu siku hiyo, hakujibu siku ya arobaini, na lile neno likabaki baina yao kama mfupa kooni.

Sasa sikilizeni mali aliyoiacha Singano, kwa maana hadithi yote imo humo. Aliacha chumba kimoja kando ya barabara. Alikuwa amekijenga kiwe duka, akafa kabla hajapigilia rafu. Kilikuwa kirefu, hatua kumi kwenda na hatua sita upana, na ndani hapakuwa na ukuta wala pazia. Dirisha hakikuwa nalo, maana lilikuwa duka. Mlango mmoja ulitazama barabara, mlango mwingine ulitazama uani. Chini saruji, juu bati.

Ndugu mkubwa wa marehemu, Shemweta, mtu wa milimani asiyependa maneno mengi, akawaita wajane.

"Vyumba vya kupanga hamtaviweza tena," akawaambia. "Marehemu hakuacha mtoto, na mimi chumba hiki sikihitaji. Kaeni humo nyote wawili."

Wakahamia siku moja. Mwantumu alikuja na kitanda chake, sanduku la bati, chuma cha vitumbua na kiti cha mikono alichokuwa akikalia Singano. Mboni alikuja na kitanda alichofia Singano, stuli mbili, jiko, mafungu ya ukili wa kusukia mikeka, na kabati zito la mninga. Meza kubwa ya marehemu ililetwa kutoka kazini kwake. Vyombo vya nyumba mbili vikaingia chumba kimoja, na hapo vita vikaanza.

Mwantumu alitaka kitanda chake kikae nyuma, mbali na vumbi la barabara. Mboni naye alitaka nyuma. Mwantumu akisogeza meza mbele apate pa kukandia unga, Mboni akiirudisha apate pa kutandaza ukili. Mboni akiegemeza kabati ukutani, Mwantumu akilivuta, kwamba linamzibia hewa. Mmoja akienda kisimani, akirudi hukuta kitanda chake kimegeuzwa kichwa kuwa miguu. Kukicha ni mkwaruzo wa vyombo juu ya saruji, jioni ni mkwaruzo, hata majirani wakakipa jina, wakakiita Chumba Kinachotembea.

Habari zikamfikia Shemweta. Akashuka siku ya Jumanne, akasimama mlangoni, akavua koti.

"Leo nitapanga mimi," akasema, "na nikimaliza kupanga, kumekwisha."

Akasukuma kabati mpaka katikati ya chumba. Halikufika ukuta hadi ukuta. Akaisimamisha meza kwa ubavu, akaiunganisha na kabati. Pakabaki uwazi mwembamba, mtu mzima hapenyi. Akachukua mkeka, akaupigilia misumari kwenye boriti, ukaning'inia mpaka chini. Kabati, meza, mkeka: ukuta ukawa tayari. Kisha akapiga kura kwa vijiti viwili. Mwantumu akapata upande wa barabara, na mgongo wa kabati. Mboni akapata upande wa uani, na milango ya kabati.

"Kila mtu ana mlango wake," Shemweta akasema. "Hakuna haja ya kuonana. Atakayevuka kwenda kwa mwenzake, au atakayekisogeza kimoja katika vitu hivi vitatu, huyo amekipoteza chumba, na chumba chote ni cha yule mwingine. Mnakubali?"

"Nakubali," akasema Mwantumu.

"Nakubali," akasema Mboni.

Akawaapisha kwa Msahafu. Akavaa koti lake, akapanda mlima, na hakuingia tena katika chumba kile.

Ikapita miaka sita.

Mwantumu alikaanga vitumbua barazani asubuhi. Watoto wa shule walinunua, wafanyakazi wa reli walinunua, na mpaka saa tatu sinia lilikuwa tupu na barabara imetulia. Baada ya saa tatu hakuwa na mtu wa kusema naye. Alipanga upande wake akaupangua. Kitanda alikiweka hivi, akakiweka vile. Kiti cha Singano alikisogeza mpaka kikaelekeana na kitanda, akatupia kanga juu ya mgongo wa kiti, na hapo akawa akiketi na kuzungumza nacho. Alikiambia bei ya unga imepanda. Alikiambia goti linauma. Alikiuliza, akanyamaza kidogo kama mtu anayesubiri jibu, kisha akaendelea.

Upande wa pili Mboni alisuka mikeka. Alisikia sauti ya Mwantumu juu ya kabati, maana bati lilikuwa moja na sauti haina mpaka. Maneno hakuyapata, alipata mvumo wake tu, kupanda na kushuka na kunyamaza. Akajisemea, "Mwenzangu ana wageni kila siku. Anapendwa. Mimi nani anakuja kwangu?"

Mboni naye alikuwa na stuli mbili. Moja aliikalia, moja aliiweka mbele yake kwa ajili ya mgeni, na mgeni hakuja. Ilipofika alasiri, ukimya ukimzidi, aliivuta ile stuli huku, akaivuta kule, akaiweka karibu na jiko, akairudisha karibu na mlango, ili asikie tu kitu kikisogea. Mwantumu alisikia mkwaruzo. Akakiambia kile kiti, "Unasikia? Wanaketi, wanainuka. Mwenzangu nyumba yake imejaa watu."

Siku za Idi ndizo zilizokuwa mbaya. Mwantumu alipika pilau ya mtu mmoja. Mboni alipika pilau ya mtu mmoja. Harufu zilichanganyika juu ya kabati, na chini yake kila mmoja alimsikia mwenzake akitua sahani moja sakafuni, akila upesi, akiosha sahani moja. Kila Idi ya miaka sita ilikwenda hivyo.

Mwaka wa saba, mwezi wa masika, Mboni aliamka akahisi kitu kimepungua. Akakitafuta, asikipate. Kisha akatambua: harufu ya vitumbua. Siku ya pili pia haikuja. Akajisemea, "Amesafiri." Lakini alisikia kitanda kikilia. Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu asubuhi. Adhuhuri, Mboni akiwa anachagua mchele, akasikia kitu kikigonga mgongo wa kabati. Mara tatu, polepole, kama mtu anayebisha hodi.

Naye mtu akibisha hodi, hujibiwaje? Kinywa cha Mboni kikaitangulia akili yake.

"Karibu," akasema.

Hilo lilikuwa neno la kwanza baina yao kwa miaka sita.

Kisha sauti ya Mwantumu, nyembamba, ikasema, "Maji."

"Dada, fungua mlango wa mbele, nizunguke."

"Siwezi kusimama. Mguu umevimba."

Mboni akatoka uani, akazunguka kwenye mvua mpaka barabarani. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa komeo kwa ndani. Akaupiga bega, ukakataa. Akabisha kwa jirani wa kulia, wamekwenda shamba. Akabisha kwa jirani wa kushoto, wamekwenda shamba. Akarudi ndani, maji yanamchuruzika, akasimama mbele ya kabati. Akafungua milango yake, akatoa nguo, akatoa sufuria, akatoa yote yaliyomo, akayarundika sakafuni. Kisha akaweka bega.

Mwantumu akausikia mninga ukilia.

"Mboni, usisogeze," akasema. "Utapoteza chumba."

Mboni akasukuma.

"Mboni, unanisikia? Utakwenda wapi wewe? Nyumbani kwenu walikwisha kufa wote."

Mboni akasukuma.

Basi Mwantumu akajiangusha kutoka kitandani. Akatambaa juu ya saruji, akiuburuta mguu wake, mpaka penye mkeka. Akaushika juu kadiri mikono yake ilivyofika, akajining'iniza kwa uzito wake wote. Misumari ikang'oka, mkeka ukaanguka. Na kabati likasogea. Mlio wa misumari na mlio wa kabati ulikuwa mlio mmoja, na katika wale wawili hakuna awezaye kuapa kipi kilitangulia.

Mboni akavuka. Akamkuta mke mwenzake chini, amefunikwa mkeka. Akamnyanyua, akamnywesha maji, akamrudisha kitandani, akafungua komeo, akaenda zahanati kumwita daktari. Mwantumu akachomwa sindano, mguu ukapasuliwa, usaha ukatoka. Mboni akapika uji, akaukanda mguu kwa maji ya moto, akalala chini kando ya kitanda siku ile na siku zilizofuata.

Siku ya nne homa ikapungua. Mwantumu akafumbua macho, akamwona Mboni anakitazama kile kiti chenye kanga.

"Wageni wako walikuwa wakikaa hapa?" Mboni akauliza.

"Wageni gani?"

"Wale uliokuwa ukizungumza nao."

Mwantumu akageuzia uso ukutani. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilikuwa nazungumza na kiti. Wako je? Wale waliokuwa wakivuta stuli kila alasiri?"

"Nilikuwa naivuta mimi."

Mvua ilikuwa imekatika, na maji yalidondoka kwenye pipa uani, tone baada ya tone. Mboni akaketi sakafuni, akaegemea mguu wa kitanda, wasitazamane. Na hapo ndipo alipolijibu lile neno.

"Siku ile sikukuita kwa sababu sikujua, dada. Nilikuwa nimekesha naye siku mbili za zamu yangu. Alasiri ile alisema amepata nafuu, akanitaka nijinyooshe kidogo. Nikatandika mkeka kando ya kitanda chake, nikalala. Nilipoamka nikamshika mkono, ukawa baridi. Niliona aibu kukwambia kwamba mume wetu alikufa nami nimelala. Nikaona afadhali unichukie kwa kukunyima habari."

Mwantumu aliisikiliza adhana ya alasiri mpaka ikaisha. Kisha akasema, "Miaka sita nilidhani wewe ulikuwapo, mimi sikuwapo. Nilikuonea wivu kwa hilo. Kumbe hata wewe hukuwapo."

"Sikuwapo."

"Basi alikufa peke yake."

Mboni akajifunika uso kwa upindo wa kanga. Mwantumu alinyoosha mkono, haukufika, maana kitanda kilikuwa juu na Mboni alikuwa chini. Mkono ukabaki hewani kidogo, ukarudi.

Siku ya kumi Mwantumu aliweza kukaa. Akasema, "Mwite shemeji. Tuliapa mbele yake, ajue yaliyotokea."

Shemweta akaja. Alikuwa amezeeka, anatembea na bakora, anapumua kwa shida. Akasimama pale penye mlango, akaona kabati limekaa mshazari, mkeka uko chini, meza ingali imesimama kwa ubavu. Akaketi juu ya stuli. Akatoa mfukoni karatasi ya ofisi ya kata, yenye mhuri, na kalamu.

"Nilikuwa nimekwisha kuiandaa," akasema. "Siku zangu zimebaki chache, na vijana wangu wamekwisha kuanza kukiulizia chumba hiki. Nikifa bila maandishi watawatoa. Karatasi ina nafasi ya jina moja. Sasa niambieni, nani amevunja?"

"Mimi," akasema Mwantumu.

"Mimi," akasema Mboni.

Shemweta akawatazama. Alizoea watu wanaokana kosa, hakuzoea watu wanaoligombania.

"Zungumzeni mmoja mmoja."

Mwantumu akasema: "Shemeji, mimi ndiye niliyegonga kabati. Nisingegonga, mwenzangu asingesogea. Mimi ndiye niliyeung'oa mkeka, na niliung'oa kwa makusudi, ili niwe wa kwanza kuvunja, yeye asipoteze chumba. Anayevunja kwa makusudi ndiye aliyevunja. Andika jina la Mboni."

Mboni akasema: "Shemeji, kugonga si kuvuka. Mkeka aliuangusha mtu mwenye homa, hata swala hakuweza kuswali kwa kusimama, kiapo gani kinamshika? Mimi nilikuwa mzima. Niliambiwa mara mbili nisisogeze, nikasogeza. Na mguu uliovuka ni wangu, wake haukuvuka. Andika jina la Mwantumu."

"Mnapendana namna hii," Shemweta akasema, "kisha mkakaa miaka sita bila salamu?"

Mwantumu akatikisa kichwa. "Usitupambe, shemeji. Nitakwambia kweli. Mwenye jina ndiye mwenye kubaki. Mwenzangu ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na miwili, anaweza kuolewa, anaweza kuondoka. Akiondoka na chumba ni changu, nitabaki humu na kiti. Nimekwisha kukaa na kiti. Chumba kikiwa chake, hatakiacha, na mimi nitakuwa na mtu."

Mboni naye akasema kweli yake. "Tangu niingie katika chumba hiki hakuna aliyenikaribisha. Mwenye nyumba hukaribisha, hakaribishwi. Chumba kikiwa cha dada, nitatoka uani kila asubuhi nipite barabarani nibishe hodi mlango wa mbele, naye itambidi aniambie karibu. Sitaki zaidi ya hilo."

Shemweta akaiegemea bakora yake.

"Basi nami niseme," akasema. "Mlipokuwa mkigombana nilichoka kushuka mlima. Niliweka kabati katikati ili nisiitwe tena. Nikajiambia nimeleta amani. Miaka sita sikuja hata mara moja kuangalia, na kila Idi nilisema nitakuja. Mke wangu alipofariki mwaka juzi ndipo nilipojua jinsi ukimya unavyopiga kelele nyumba ikiwa na mtu mmoja. Hata hapo sikuja. Ukuta ule niliuweka mimi. Kiapo kile nilikiapisha mimi. Mtu akifunga mlango kwa nje, aliye ndani akiuvunja, tumlaumu nani?"

Akaeleza kwamba kiapo kikivunjwa kina kafara yake: kulisha maskini kumi, na asiyeweza hufunga siku tatu. "Lakini afunge nani?" akauliza. "Na nafasi ya jina ni moja."

Mwantumu akasema, "Nitafunga mimi."

Mboni akasema, "Nitafunga mimi."

Shemweta akainuka, akaenda kwenye meza. Akaishika upande mmoja, Mboni akaishika upande wa pili, wakaisimamisha kwa miguu yake minne katikati ya chumba. Akaweka karatasi juu yake, akaweka kalamu juu ya karatasi. Akatoka barazani kupumzika, akasema wampe muda wa kufikiri, akirudi ataandika.

Wakabaki wawili, mmoja kitandani na mmoja kwenye stuli, na karatasi nyeupe kati yao, na chumba kirefu kimefunguka toka barabara hadi uani. Upepo ulipita mlango wa mbele ukatokea wa nyuma, jambo ambalo halikutokea kwa miaka sita.

Mimi niliyesimuliwa niliuliza jina lililoandikwa, sikuambiwa. Basi nawaachieni nyinyi mliokaa hapa. Mwantumu aligonga, na akaung'oa mkeka ili mwenzake asipoteze. Mboni alisogeza kabati na kuvuka, akijua hana pengine pa kwenda. Shemweta aliujenga ukuta, kisha akawaacha nao. Mmoja anataka chumba kiwe cha mwenzake ili asiachwe. Mmoja anataka chumba kiwe cha mwenzake ili akaribishwe. Mzee anarudi, anaishika kalamu.

Je, nani alivunja kiapo? Je, nani alistahili kuandikwa chumba kile, na nani alistahili kukaribishwa ndani yake?